Programu ya kuendesha kliniki ya meno, viti viwili Kisumu: tuchukue ya onlaini ama seva ikae hapa ndani?

Meneja_KSM

Wadau hamjambo. Nasimamia kliniki ya meno hapa Kisumu, viti viwili, madaktari wawili, COHO (afisa wa afya ya kinywa ya jamii) mmoja anayekuja kusaidia siku za watu wengi, na dada mmoja wa mapokezi. Tangu tufungue tunatumia kadi za manila kwa kabati, daftari la apointimenti na kitabu cha risiti cha kaboni. Sasa daktari mwenye kliniki amesema mwaka huu lazima tuingie kwa kompyuta, na kazi ya kutafuta programu ameniachia mimi.

Wamekuja wauzaji wawili. Wa kwanza ana ya onlaini, unalipa kila mwezi, data inakaa huko kwao na unaweza kuingia kwa simu hata ukiwa nyumbani Mamboleo. Wa pili anauza mara moja, anakuwekea seva hapa ofisini na waya mpaka kwa kila kiti, halafu kila mwaka unamlipa kitu kidogo ya matengenezo. Demo zote mbili zilikuwa za kuvutia, chati ya meno ina rangi, ripoti zinatoka ukibonyeza mara moja, lakini hakuna hata mmoja aliyekaa chini akaniuliza nyinyi hapa siku yenu inaendaje, mgonjwa akiingia anapitia wapi, pesa inashikwa na nani.

Mambo yananiumiza kichwa. Stima inapotea bila taarifa. Kadi za zamani zimejaza kabati mbili na sijui kama ni lazima zote ziingizwe. Wagonjwa wa bima wanaongezeka, na hawa wengine wanaolipa wenyewe karibu wote ni M-Pesa, jioni kulinganisha meseji za M-Pesa na kitabu cha risiti ni kazi ya kutoa jasho. Halafu kuna dada wetu wa mapokezi, yeye anajua wagonjwa kwa sura, anajua huyu ni mama ya nani na yule aliletwa na nani, sitaki programu ije imfanye aonekane hajui kazi.

Mwenye amepitia hii njia anishauri, hasa nyinyi wa Kisumu, Kakamega, Nakuru, juu shida zetu zinafanana. Sitafuti jina la kampuni tu, nataka kujua mtu anafaa kuangalia nini.

Daktari_Nakuru

Meneja, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni daktari wa meno na kliniki yangu iko kwa kompyuta miaka kadhaa sasa. Wacha nikuambie yale ambayo wauzaji hawasemi kwa sababu wao hawasimami kando ya kiti.

Watu wengi hufikiri faida ya programu ni kupata faili haraka. Ni kweli inasaidia, lakini faida yenyewe ni kujua kazi ambayo haijaisha. Chukua mgonjwa wa matibabu ya mzizi. Amekuja hajalala usiku kucha, unafungua jino namba 36, unatoa neva, unaweka dawa na kuziba kwa muda, uchungu unaisha siku hiyo hiyo. Unamwambia arudi wiki ijayo tumalizie. Lakini uchungu umeisha, nauli ya kutoka Njoro ni pesa, shule zimefunguliwa karo inadaiwa, harudi. Ile simenti ya muda inaanza kuvuja baada ya wiki chache, bakteria wanaingia tena, na siku atakayorudi jino limepasuka, hakuna la kufanya ila kung'oa. Kwa mfumo wa kadi huyo mtu amepotea, kadi yake imelala kwa kabati kwa mpangilio mzuri wa alfabeti na hakuna anayejua kwamba anahitajika. Kwa programu, kama mpango wa matibabu umeandikwa kila hatua kivyake, yaani kufungua, kusafisha mifereji, kujaza, krauni, basi Jumatatu asubuhi dada wa mapokezi anafungua orodha ya waliofanyiwa hatua ya kwanza na hawana apointimenti mbele, anawapigia simu mmoja mmoja. Hapo ndipo programu inarudisha gharama yake na ndipo meno ya watu yanaokolewa, na nasema hivi nikiwa nimeona. Kwa demo mwambie muuzaji akuonyeshe hiyo orodha kwanza. Akianza kukupeleka kwa mapambo mengine mrudishe hapo hapo.

Jambo lingine, namba za meno, na hili nakuomba usilichukulie kijuujuu. Programu nyingi kubwa zimetengenezwa Marekani na kule wanahesabu 1 mpaka 32, kuanzia gego la mwisho la juu kulia, wanazunguka mpaka chini kulia. Sisi tumefundishwa ya FDI, tarakimu mbili, ya kwanza ni robo ya mdomo na ya pili ni jino lenyewe. Sasa ona, kwetu 14 ni premola ya kwanza ya juu kulia. Kwa Mmarekani 14 ni gego la kwanza la juu kushoto, lile sisi tunaita 26. Ni upande mwingine kabisa wa mdomo. COHO akiandika 14 akimaanisha FDI, na skrini ya kiti cha pili imewekwa kwa hesabu ya Marekani, mtu anaweza kupigwa ganzi na kung'olewa jino lisilo na kosa lolote. Open Dental kwa mfano inakubali ubadilishe ihesabu kwa FDI, hiyo ni kazi ya siku ya kwanza kabla jina la mgonjwa yeyote halijaingia. Hakikisha pia meno ya utoto yanasomeka 51 mpaka 85 badala ya herufi A mpaka T. Na zile kodi (code) zao za matibabu zinazoanza na D, kama D7140 ambayo ni kung'oa jino la kawaida, bima zetu hazilipi kwa hizo, kwa hivyo kaeni chini muandike orodha yenu na bei zenu.

Halafu chati iweze kubeba mambo ya kwetu. Hapa Nakuru wagonjwa wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi, maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yanapita kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Nataka mahali pa kuandika hiyo kivyake, isichanganywe na kuoza, la sivyo mwisho wa mwaka ripoti inaniambia watoto wa Njoro wameoza meno yote. Kwenu Kisumu mtapata wazee waliotolewa meno sita ya mbele ya chini kwa mila, 43 mpaka 33. Chati ikisema tu "hayapo" bila sababu, daktari mgeni ataanza kumuuliza mzee mambo ya ajali na ugonjwa wa fizi, na mzee atajisikia vibaya bure.

COHO_Kakamega

Daktari hapo kwa orodha ya Jumatatu umegonga ndipo. Mimi naongeza kuhusu majina juu hii imetusumbua sana huku.

Mgonjwa leo anajiandikisha Mary Akinyi, akirudi analeta kitambulisho kimeandikwa Akinyi Mary Atieno, akirudi tena ameolewa na jina la mwisho si lile. Ukitafuta kwa jina unapata watu wengi au hupati kitu, na dada wa mapokezi akiwa na foleni mlangoni anafungua faili mpya. Sasa mtu mmoja ana faili mbili, na mzio wake wa penisilini umeandikwa kwa ile ya kwanza tu. Fikiria daktari amefungua ile ya pili na anaandika amoksilini. Hiyo si shida ya kompyuta tena, hiyo ni roho ya mtu.

Wengine husema tafuta kwa namba ya simu. Sawa, lakini huku simu moja ni ya mama na watoto wote na nyanya pia. Kwa hivyo angalia kama programu inaweza kufunga watu pamoja kama familia, mama ndiye mlipaji, na kila mtoto ana rekodi yake na namba yake ya mgonjwa. Na kabla faili mpya haijafunguliwa tafuta kwa simu, halafu kwa jina moja tu, halafu ulizia mwaka wa kuzaliwa.

Kwa meseji za kukumbusha apointimenti, kumbuka hiyo simu ni ya nyumba nzima. Andika jina la kliniki, siku, saa na namba ya kupiga, basi, usiandike anakuja kufanyiwa nini. SMS moja ni herufi 160, ukipita hapo unalipishwa ya pili. Na watoto wa bodingi usiwapangie katikati ya muhula, wapangie Aprili, Agosti na Desemba, programu nzuri inakuruhusu kuweka tarehe ya kurudi unayotaka wewe badala ya kukulazimisha miezi sita kamili kwa kila mtu.

Fundi_wa_Seva_Eld

Niko Eldoret, kazi yangu ni mitambo ya hospitali na kliniki ndogo ndogo. Kwanza niondoe ile hofu ya kwamba haya ni mambo ya Nairobi. Kituo cha afya cha Mosoriot, hapa karibu kwa barabara ya Kapsabet, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta 2001, na kutoka hapo ndio ikakua ile ya mpango wa afya wa AMPATH na baadaye OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004, ambayo sasa inatumika nchi nyingi. Waliokuwa wakiingiza data ni watu wa hapa hapa. OpenMRS haikutengenezwa kwa chati ya meno kwa hivyo sikuambii uichukue, nakuambia tu kwamba huku kwetu hii kazi inafanyika na imefanyika kitambo.

Sasa kwa swali la onlaini ama seva. Anza na stima vile ulivyosema. Stima ikipotea na hamna jenereta, kompresa imezima, kiti kimezima, taa imezima, daktari hana cha kufanya hata programu ikiwa hewani. Kinachobaki kikifanya kazi ni mapokezi, watu wanauliza, wanalipa, wanapanga siku nyingine. Kwa hivyo pale mezani weka laptopu badala ya kompyuta ya mezani, na ile ruta ya faiba uiwekee betri yake ndogo, na uwe na laini ya simu ya mtandao tofauti na ule wa faiba ya kurushia intaneti. Hapo ya onlaini itaenda. Ukichagua seva ya ndani, UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea) ni ya lazima, na kazi yake ni kukupa dakika za kuzima seva kwa utaratibu, si kufanya kazi mpaka jioni. Kuna programu za aina hii zinazoweka data kwa hifadhidata ya MySQL ama MariaDB, ukikata stima ghafla wakati inaandika unaweza kuamka kesho majedwali yameharibika.

Seva ya ndani pia inaibiwa, inaungua, diski inakufa, na hapo ndipo bakapu. Kuna kitu kimoja hapa watu hawakijui mpaka siku ya kilio. Taarifa za wagonjwa ziko kwa hifadhidata lakini picha za eksirei mara nyingi ziko kwa folda kivyake. Kwa Open Dental kuna hifadhidata na kuna folda ya OpenDentImages, ni vitu viwili. Ukibeba kimoja, siku ya kurudisha unapata majina na noti zote na hakuna eksirei hata moja, ama kinyume chake. Diski ya nje isikae imechomekwa wakati wote juu virusi vya kufunga data vikiingia vitaifunga na hiyo pia, nakala moja iondoke kwa jengo kila jioni ikiwa na paswadi, na kila baada ya muda rudisha bakapu kwa laptopu nyingine uone kama inafunguka kweli, eksirei ya mgonjwa fulani iko, deni lake ni lile lile. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Lakini swali ninaloona ni kubwa kuliko onlaini ama seva ni hili, siku nikitaka kuondoka kwako, natoka na nini? Muulize muuzaji wa kwanza na wa pili swali hilo hilo na ujibiwe kwa maandishi ndani ya mkataba. Nimeona kliniki ikihama kutoka kwa programu fulani, wakapewa PDF za kila mgonjwa, kurasa kwa maelfu, eti hiyo ndiyo data yenu. Huwezi kuingiza PDF kwa programu mpya, utaanza kuandika upya kwa mkono. Unachotaka ni majina, apointimenti, mipango ya matibabu, noti na madeni kwa CSV (faili la jedwali), na eksirei kwa JPEG ama DICOM (aina za faili za picha) ikiwa na namba ya mgonjwa kwa jina la faili. Usikubali kuambiwa tu kwamba inawezekana, mwambie atoe data ya demo mbele yako na ufungue hilo faili kwa Excel ukiwa umekaa naye.

Kwa viti viwili mimi naegemea onlaini, ikiwa tu hilo la kutoka limejibiwa. Hamna mtu wa kulinda seva usiku na hamtaki kuajiri mtu kama mimi kila mwezi.

Daktari_Nakuru

Fundi naheshimu maneno yako ila kwa eksirei sikubaliani nawe sana. Picha ndogo za jino moja zinapita vizuri, lakini kama mna mashine ya OPG, ile ya kupiga picha ya taya zote, kungoja picha ishuke kutoka kwa intaneti ya jioni huku mgonjwa amefungua mdomo ni mateso kwa wote wawili. Angalau picha zikae kwa kompyuta ya ndani na nakala ipande onlaini usiku. Na kabla ya kununua chochote ulizia kama programu inaongea na sensa ya eksirei (kile kifaa cha kunasa picha mdomoni) ambayo tayari mnayo, usichukue neno la simu, mwambie aje aichomeke na mpige picha moja.

Fundi_wa_Seva_Eld

Hapo sawa daktari, nakubali, picha ndani na nakala juu. Mradi kuwe na mtu anaangalia kama nakala kweli zinapanda.

Mapokezi_Bungoma

Meneja, mimi nakaa kwa hiyo meza unayosema, si ya kwenu lakini ni meza kama hiyo hapa Bungoma. Nimesoma vile umemtaja dada yenu na nimefurahi sana juu wengi hununua programu halafu ndio wanamuita mtu wa mapokezi kumuonyesha. Mwite kwa demo. Mwache ashike mausi yeye. Muuzaji akiwa ndiye anabonyeza kila kitu kinaonekana rahisi.

Sasa M-Pesa. Shida kubwa si meseji, shida ni kwamba anayelipa si mgonjwa. Mama amekuja kutoka Webuye kutengenezewa meno ya bandia, kijana wake yuko Nairobi ndiye anatuma. Kwa simu ya kliniki inaingia jina la kijana, kwa kitabu cha risiti kuna jina la mama, jioni unatafuta nani alilipa nini. Kama mnatumia Till, ile namba ya kulipia dukani, haina namba ya akaunti, utabaki kuandika ile kodi ya meseji ya M-Pesa, herufi na tarakimu kumi, kwa kila risiti ya mgonjwa. Lakini Paybill, ile namba ya kulipia bili, ina mahali pa akaunti, basi mwambie kila mtu aweke namba yake ya mgonjwa hapo. Kijana akilipa akiwa Nairobi saa tatu usiku, pesa inakuja na namba ya mama yake. Na kama programu imeunganishwa na M-Pesa yenyewe, inaingia kwa deni la mama bila mimi kugusa, ama natuma ombi kwa simu ya mlipaji anaweka PIN tu. Ulizia hili vizuri, wengine wanasema tumeunganishwa na M-Pesa kumbe ni kisanduku cha kuandika kodi tu.

Bresi (waya za kunyoosha meno) nazo, mtu anaweka amana halafu analipa kidogo kidogo kila mwezi kwa mwaka na zaidi. Nataka nikifungua jina lake nione salio mbele yangu kabla hajaketi, nimwambie kwa heshima tukiwa wawili pale mezani, isiwe daktari amekaza waya tayari halafu ndio namfuata mlangoni nikimdai mbele ya watu.

Bima ni hivi. Kabla daktari hajaanza lazima idhini iwe imekuja, na mara nyingi bima inalipa sehemu na mgonjwa anamalizia. Programu iweze kugawa bili moja kwa wawili na ionyeshe kila kleimu iko wapi, imetumwa, imelipwa, imekataliwa na sababu gani. Tulikuwa tunajua kleimu imekataliwa baada ya miezi, wakati huo mgonjwa hata hakumbuki alifanyiwa nini. Ya SHA, bima ya afya ya serikali, tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina mfumo wake, hiyo utaingia huko kivyake.

Na eTIMS, mfumo wa invoisi wa KRA, watu wa ushuru, msisahau. Huduma ya matibabu haina VAT, na kuna watu hudhani kwa hivyo hawahusiki, lakini tangu Januari 2024 gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS haikubaliki kwa hesabu za ushuru, kwa hivyo bima na makampuni yatakudai invoisi hiyo. Kama programu haiongei na eTIMS, utaandika kila bili mara mbili, kwa programu na tena kwa KRA, na ni mimi nitabaki ofisini mpaka saa mbili usiku.

Stima sasa. Kila jioni kabla ya kufunga mimi nachapisha orodha ya kesho, jina, simu, saa, anafanyiwa nini na salio lake. Karatasi moja. Stima ikipotea asubuhi najua nani anakuja, naandika malipo kwa kalamu kwa hiyo karatasi, ikirudi naingiza. Baadaye naichoma, haitupwi kwa pipa.

Kadi za zamani usimpe mtu kazi ya kuandika kabati mbili, atachoka na ataandika makosa. Anza na wenye matibabu yaliyokwama, wenye madeni na wenye bresi. Wengine waingie siku wanaporudi, namba mpya inaandikwa kwa maka juu ya kadi yake ya zamani na kadi inabaki kabatini. Na msianze Agosti wakati watoto wamejaa, wala mwisho wa mwezi.

Mwisho kila mtu awe na paswadi yake, daktari pia. Risiti ikifutwa ionyeshe nani amefuta na saa ngapi. Watu husema ni ya kutuchunga sisi wa mapokezi. Kwangu inanilinda, pesa ikikosekana hakuna anayeniangalia kwa jicho baya.

Meneja_KSM

Asanteni sana sana, daktari, fundi, COHO na wewe dada yangu wa Bungoma, hiyo ya Paybill hakuna muuzaji aliniambia. Sisi tuko na Till, nitaongea na daktari wiki hii tubadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

Swali moja limebaki. Yule wa onlaini nilimuuliza data inakaa wapi, akasema seva ziko nje ya nchi na kwamba hiyo ni kawaida. Kisheria tuko sawa?

Fundi_wa_Seva_Eld

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijakataza moja kwa moja, lakini data ya afya inahesabika kama nyeti, na kuipeleka nje kunataka mgonjwa awe amekubali na kuwe na uthibitisho wa ulinzi unaofaa huko inakoenda. Kwa hivyo fomu yenu ya kujiandikisha iwe na hicho kipengele kwa lugha ambayo mgonjwa anaelewa, na muuzaji akupe maandishi ya anavyolinda. Ile nafuu ya biashara ndogo ya kutojisajili na Kamishna wa Data haiwahusu nyinyi, mwenye kutoa huduma za afya anajisajili hata akiwa na kiti kimoja. Muuzaji naye ajisajili kama mchakataji, yaani anayeshika data kwa niaba yenu, muulize cheti. Data ikivuja, yeye anatakiwa akujulishe ndani ya saa 48 na wewe unamjulisha Kamishna ndani ya saa 72, faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Daktari_Nakuru

Na mkiwa hapo, ile tabia ya kupiga picha ya eksirei na simu na kuituma kwa grupu la WhatsApp kuuliza ushauri, jina la mgonjwa likiwa pale kwa kona, iachwe siku programu inaanza. Kwanza picha inapunguzwa ubora, ile laini ndogo ya ufa kwa mzizi haionekani tena. Mkitaka maoni ya mwenzenu toeni picha kamili kutoka kwa programu bila jina.

Meneja_KSM

Nimeelewa. Wauzaji wote wawili nimewaambia warudi, na safari hii dada wa mapokezi atakuwa kwa kompyuta yeye. Tumetunga familia yetu ya majaribio: mama wa Ahero na watoto watatu, simu moja, matibabu ya mzizi kwa 36 yamekwama hatua ya kwanza, mtoto wa kwanza ana bresi na salio, bima inalipa nusu ya mama, na kaka yake analipa iliyobaki akiwa Nairobi. Wataingiza hao wote mbele yetu, watuonyeshe orodha ya Jumatatu, halafu watutolee CSV na picha.

COHO_Kakamega

Ongeza mzio wa penisilini kwa mama, na umwambie dada amsajili tena kwa jina lililogeuzwa uone kama programu itamshtua kwamba huyu yuko tayari.

Mapokezi_Bungoma

Na katikati ya hiyo kazi zima ruta, usiwaambie. Uone skrini itafanya nini na ile risiti aliyokuwa anaandika.

Meneja_KSM

Hizo mbili nimeandika. Watu wa onlaini wanakuja Alhamisi, wa seva Ijumaa, nitawaandikia hapa vile imeenda.